Niliposikia "Tena"

Siku ya kwanza ya kazi ya kwaya niliharibu. Ndivyo ninavyokumbuka, ingawa sikusoma sana, na huenda ninakosea. Padri Mkuu wa misheni yetu ya Mgeta, Mjerumani, alitupanga kwa sauti: wanawake mbele, wanaume wa sauti nzito nyuma, na kati yao sauti nyembamba ya kiume, ambayo kwao huitwa tenori. Akaninyooshea fimbo. "Tenor!" Mimi nikasikia "tena". Nikarudia ubeti, peke yangu. Akasema vilevile, nami nikarudia. Wenzangu wakashika mbavu.

"Kasuku huyu," alisema mpiga kinanda, Mluguru mwenzangu. "Mtamchoka."

Padri hakucheka, sauti yangu ilikuwa imempendeza. "Kuanzia leo ataimba peke yake. Wengine kimya."

Ikawa ndiyo kazi yangu. Nilipelekwa Morogoro mjini kuimba sikukuu ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, mbele ya Bwana Mkubwa wa boma. Watu walishuka kutoka Kinole kunisikiliza. Padri alinikataza ngoma za nyumbani, akisema zinakwaruza koo. Simlaumu, alinifunza kwa subira, na sifa nilizipenda mwenyewe.

Kisha mama akafariki, nikapanda mlima. Nyumbani kwetu wimbo wa kilio huanzishwa na mtoto wa marehemu, waombolezaji wakaitikia. Asipoitikiwa, ni kama hajamlilia mzazi wake. Nikafungua kinywa, kikatoka Kilatini. Kizuri, nadhani. Hakuna aliyeitikia.

Mama mdogo akanishika mkono. "Umeimba vizuri, mwanangu. Sasa sisi tukuitikie nini?"

Dada yangu akaanzisha wa kwetu, wote wakaitikia. Nami nikajaribu kuitikia, lakini sauti yangu ikapanda juu ya zao, na mmoja mmoja wakanipisha, mpaka nikabaki peke yangu. Nikafunga mdomo ili mama aliliwe.

Baadaye vita vya Wajerumani na Waingereza vikaja, Padri akachukuliwa mateka, na kazi ikaisha bila mtu kuniambia imeisha.

Ninyi vijana mnaniuliza kama nilifaidi. Sijui. Siku hizi huimba nikipalilia njegere, nyimbo za mama, zile ninazozikumbuka. Juzi jirani yangu, mama mmoja anayelima viazi ng'ambo ya korongo, aliniita, "Mzee, tena."

"Niitikie basi," nikamwambia.

"Mie? Nitakuharibia."

Akaegemea jembe lake, akasubiri. Nikarudia, peke yangu.