Mlango wa Mwenye Eda

Kaka yangu mkubwa alinipa kufuli, nami nikalipokea. Ningeweza kulikataa. Wazee wawili wa mtaa walikuwa wamekaa naye barazani, na kama ningesema hapana wangeninunia, basi. Hakuna ambaye angenipiga. Lakini nilikuwa mdogo wao, fundi cherehani niliyezoea kuagizwa kazi na kuifanya. Nikainuka na kufuli mkononi.

Ilikuwa miaka ya vita, Gitega. Ndugu yetu wa kati alikuwa ameuawa barabarani akirudi kutoka Muyinga na mzigo wa vitenge. Walimshusha kwenye lori, wakamkata mapanga yeye na dereva, wakawaacha mtaroni. Mjane wake alikuwa ndani, kwenye eda. Kwetu sisi Waislamu wa mjini, mke aliyefiwa hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila dharura, na watu hungoja kuona kama marehemu amemwachia mimba. Eda yake haikuwa imefika nusu tuliposikia kwamba wenye silaha wametokea upande wa Gishubi, wanachoma nyumba na kuchinja.

Mtaa mzima ulifunga virago kwenda Mutoyi, kwenye misheni, ambako watu walikuwa wakipokewa bila kuulizwa dini. Kaka akasema mjane haendi.

"Kule wanaume na wanawake wanalala chini ya turubai moja," alisema. "Akija kuonekana na tumbo, mtajibu nini? Mtoto ni wa marehemu au wa kambini?"

Mzee mmoja akaongeza kwamba nyumba iliyofungwa kwa nje huonekana haina mtu, na wauaji wanatafuta watu. Mimi nilijua kwamba nyumba tupu ndizo zilizokuwa zikivunjwa kwanza. Nilijua na jambo jingine. Nilisoma chuo cha Kurani kabla ya kwenda sekondari, na nilijua kuwa sheria yenyewe inamruhusu mwenye eda kuhama akihofia maisha yake. Sikusema.

Nilimkuta mjane amesimama sebuleni, nguo nyeupe zimefungwa kiunoni kwa ajili ya safari. Mke wangu alikuwa amemshika mkono.

"Shemeji, mi niko tayari," mjane alisema. "Nimebeba unga na ndagala. Twende."

Nikamwambia wazee wameamua abaki. Akacheka, akidhani namtania. Tulizoea kutaniana, aliniita fundi wa pindo, kwamba tangu anijue hajaniona nikimaliza nguo nzima.

"Fundi wa pindo, risasi haiulizi kama mtu iko eda. Sogea tupite."

Nikarudia maneno yale yale. Hapo akaacha kucheka. Mke wangu akasema, "Huyu anatoka na mimi. Kama ni aibu, nitaibeba mimi."

Nilivifungua vidole vya mke wangu kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wa yule mwanamke. Alipoushika tena, nilimpiga usoni, damu ikamtoka puani, nikamvuta nje kwa ushungi. Mjane alinifuata hadi kizingitini. Nikamsukuma kwa bega, akaanguka ndani, nikavuta mlango na kufunga kufuli. Alianza kupiga mbao kwa viganja. Hakuniita shemeji tena.

"Baba mdogo!" alipiga kelele. "Baba mdogo, fungua!"

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilisikia, nikaendelea kutembea.

Tuliporudi kutoka Mutoyi, nyumba yangu ilikuwa majivu. Ya mjane ilikuwa imesimama, kufuli bado liko mahali pake. Nililifungua lakini mlango haukusogea. Tulisukuma watu watatu, na kitu kilichokuwa nyuma yake kikaburuzika sakafuni. Walikuwa wameingilia jikoni, kwa nyuma. Alikimbilia mlango wa mbele, na hapo ndipo walipomkatia. Mikono yote miwili ilikuwa imepasuliwa hadi mfupa, kwa sababu aliiinua kujikinga. Shingo ilikuwa imeshikiliwa na ngozi. Kwenye mbao kulikuwa na mikato ya panga, na chini ya mikato kucha zake mbili zilikuwa zimenasa.

Kaka alitapika. Alipojifuta midomo alisema, "Watu waambieni alikataa kutoka. Alikuwa mcha Mungu." Habari ikapelekwa hivyo Muyinga, kwa mama wa mjane. Mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake walioosha maiti. Alirudi kutoka kwenye josho, akaketi, wala hakunitazama mpaka siku ya pili.

Kwa kuwa sikuwa na pa kulala, kaka alinipa ile nyumba. Nilipaka chokaa, nikapiga randa mlango kwa ndani mpaka mikato ikaisha, nikaweka cherehani yangu sebuleni. Baada ya wiki chache mlango ulianza kunigomea. Ilikuwa mchana, jua linawaka, ninataka kwenda kuswali alasiri, nao hautikisiki. Nilivuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani. Mke wangu akatoka jikoni na beseni la nguo, akaufungua kwa kiwiko, akapita.

Nilisema ni mbao zimevimba kwa mvua. Nilipiga randa tena. Kwa mke wangu na binti yetu, aliyekuwa hajafikia umri wa kwenda shule, mlango ulikuwa mwepesi kama pazia. Kwangu ulikuwa ukuta. Siku moja ulikubali kufunguka, nikashika fremu ili nitoke, ukajibamiza wenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimening'inia. Hakukuwa na upepo.

"Sisi anatupisha," mke wangu alisema akinifunga kitambaa. "Anayezuiwa ni wewe."

"Nani ananizuia?"

"Usiniulize mtu unayemjua."

Binti yetu alikuwa anakula maharage. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama mkubwa anauliza kwa nini hamkumfungulia."

Nilimfuata kaka nikamweleza. Alinicheka mbele ya watu. "Mwanaume mzima unaogopa mlango! Kesho nakuja kunywa chai humo, nimwone huyo jini wa kike."

Alikuja kweli, saa ya mchana. Mimi nilikuwa kwa mteja, mtaa wa Musinzira, na mke wangu alikuwa ameenda kisimani na mtoto. Kwa hiyo alikaa peke yake kutungoja. Majirani walisikia makonde mlangoni na sauti ya mwanaume akiita jina la kila mmoja wao. Walikuja, wakasukuma, wakashindwa. Wakaenda nyuma, mlango wa jikoni nao ukawashinda. Mmoja alileta shoka, likateleza juu ya mbao kana kwamba anapiga jiwe. Nilifika wakati sauti imeshakatika. Mke wangu alifika baada yangu, akaweka ndoo chini, akausukuma mlango kwa kidole.

Kaka alikuwa ameanguka pale pale. Alikuwa amepiga mbao kwa mikono mpaka mifupa ikatoka, kisha akapiga kwa kichwa. Paji la uso lilikuwa limebonyea. Chokaa yangu nyeupe ilikuwa nyekundu hadi usawa wa kifua. Na mlango haukuwa umefungwa: si ufunguo, si komeo.

Baada ya maziko mke wangu aliniambia alichokificha. "Nilipomwosha yule mjane nilikuta tumbo. Alikuwa na mtoto wa ndugu yako. Ndiyo maana alikuita baba mdogo." Akangoja nimalize kulia. "Twende Muyinga ukamwambie mama yake kwa kinywa chako. Ukisema, nitaendelea kuwa mke wako. Usiposema, mimi sirudi na wewe katika nyumba hii."

Tulipata lori, tukakaa juu ya magunia ya maharage, binti akiwa katikati yetu. Njia nzima nilipanga maneno. Mama wa mjane alitupokea ukumbini, kipofu wa jicho moja, akatuwekea ugali wa muhogo na samaki. Akaushika mkono wangu mbovu, akanipa pole. Akasema, "Baba, Mungu akulipe. Mwanangu alifia kwenye ibada, na nyinyi mlimlinda mpaka mwisho. Alikuwa mbishi toka utoto, najua hamkuweza kumlazimisha."

Mke wangu alinitazama. Binti naye. Niliinua macho nikayarudisha kwenye sahani.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Tulimsihi sana. Alikataa."

Mke wangu alisukuma sahani yake, akasimama, akasema yote: kufuli, vidole, ngumi niliyompiga, jina aliloniita, tumbo. Yule mama hakulia. Aliuliza tu, "Alipiga mlango muda gani?" Ndipo akachukua kisu cha kumenyea muhogo akanirukia. Alinichana shavu hadi jino. Sikujikinga, na ni mke wangu aliyemshika, akimwambia, "Mama, acha, asikutie katika damu." Kisha akanionyesha njia ya nje.

Nilirudi Gitega peke yangu. Nilipofika nilisukuma mlango, ukafunguka. Haujanigomea tena mpaka leo. Hakuna sauti, hakuna kitu. Nimekaa humo miaka mingi nikishona, na vita viliisha nikiwa humo.

Mke wangu alibaki Muyinga, akamtunza yule mama mpaka akamzika. Alidai talaka, nikampa. Binti yangu alipoolewa, mimi baba yake ndiye niliyepaswa kumwozesha. Alimwomba kadhi asimame badala yangu, nami nikapata habari sokoni. Mama yake alikufa, wakaniambia baada ya arobaini. Nina wajukuu ambao wameambiwa babu yao alikufa vitani. Nilikubali kumfungia mwanamke mmoja ndani, akafa yeye na mtoto wa ndugu yangu tumboni, akafa kaka yangu, na mimi nikapoteza mke, binti na kila mtu ambaye angeniita baba.