Migongo Kumi na Miwili

Katika baraza la duka tulilofanyia kazi kulikuwa na cherehani tano na mkasi mmoja. Cherehani zilikuwa za wanaume watano, waliokaa wakiutazama mtaa ili mtaa nao uwatazame. Mkasi ulikuwa wa fundi mkuu, mzee mmoja tuliyemwita Papa, aliyetoka Kirungu, mtu wa shati safi na maneno machache, naye aliuvaa kiunoni ndani ya mfuko wa ngozi. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya pazia, nikishona matundu ya vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa na hasira tangu asubuhi hadi jioni.

Hasira yenyewe ilikuwa na sababu. Mama yangu alitaka niende kwa masista, walikokuwa wakiwafundisha wasichana kutarizi vitambaa vya meza. Nilikataa. Sikutaka kupamba meza, nilitaka kuvisha watu. Baba yangu alisimamia mitambo katika kiwanda cha nguo pale Kalemie, kwa hiyo tangu utotoni nilijua kitambaa kinavyotoka kiwandani, kirefu na bapa, hakijui kama kitakuwa shuka au gauni la harusi. Anayeamua ni mwenye mkasi. Wengine wote wanaunganisha tu alichokwisha kukiamua yeye. Mimi nilitaka kuwa yeye, na sikuona kwa nini nione haya kusema.

Nilipomwomba fundi anifundishe kukata, alicheka, tena bila ubaya wowote.

"Mwanamuke anashona, mutoto wangu," akasema. "Mukasi iko kazi ya mwanaume. Mwanaume gani atakubali umupime suruali?"

Wale watano walicheka mpaka cherehani zikanyamaza.

Miaka hiyo ya Zaire serikali ilikuwa imeingia hadi ndani ya makabati ya watu. Wanaume walivuliwa koti na tai, wakavishwa abakosti, koti la shingo iliyofungwa lisilotaka tai. Sisi wanawake tulikatazwa suruali, tukaambiwa heshima yetu ni kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga. Basi, nilimjibu fundi, kama wanawake wa nchi nzima ni lazima wavae kikwembe, na juu yake blauzi ya libaya, kwa nini kila libaya ikatwe na mwanaume ambaye hajaivaa hata siku moja, asiyejua inavyobana kwapani ukiwa na mtoto mgongoni? Nilisema hayo kwa sauti, baraza zima likasikia. Siku hiyo niliongezewa matundu ya vifungo.

Nilijifunza mwenyewe nyumbani. Jirani yetu alikuwa mwashi, na mifuko yake mitupu ya sementi ilikuwa mali yangu. Niliipasua, nikaikung'uta vumbi, nikachora kwa mkaa na kukata kwa wembe. Nilimvika mama yangu libaya za karatasi pale jikoni, mikono mifupi, mikono mipana, shingo ya mraba, shingo ya duara, naye akicheka na kulalamika kwamba sementi inamwasha shingoni. Mwaka mzima hivyo. Hakuna mtu kule barazani aliyejua, na mimi sikumwambia mtu, maana nilijua wangecheka tena na safari hiyo ningemrushia mmoja wao pasi.

Kisha ikaja kazi ya kamati ya akina mama wa mtaa wetu. Mwenyekiti wao, Mama mmoja mrefu mwenye sauti iliyomtangulia kila alikokwenda, alileta kitambaa cha chama, kile chenye sura ya Rais ndani ya duara. Alitaka libaya kumi na mbili kwa ajili ya gwaride la Jumapili. Angekuja Alhamisi kuziangalia.

Hapa lazima nieleze jinsi mafundi wa baraza lile walivyokata. Sehemu ya mbele ya libaya waliilaza shingo ikitazama juu, na ya mgongo wakailaza ubavuni mwake shingo ikitazama chini, kama watu wawili waliobanana kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Vipande vikikaa hivyo vinaingiana, na kila libaya inabakiza ukanda mrefu wa nguo. Hayo mabaki ni ya mkataji. Hakuna aliyeuita wizi, ilikuwa desturi ya kazi, na wateja wenyewe waliijua. Mke wa fundi alikuwa akiyashonea nguo za watoto. Kwenye kikwembe cha maua au cha madoa hakuna kinachoonekana, kwa kuwa ua halina juu wala chini. Lakini Rais alikuwa na kichwa.

Niliona kupitia upenyo wa pazia. Fundi alikuwa amekwisha kukikunja kitambaa tabaka kwa tabaka, chaki imepita, mkasi umeinuliwa.

"Papa," nikasema, "mugongo iko kichwa chini."

Hakugeuka. "Nyamaza. Leo matundu ya bifungo inafundisha mukasi?"

Wale watano wakacheka tena, naye akakata. Alikata vizuri, siwezi kumsingizia, mkono wake ulikuwa haurudii mstari. Migongo yote kumi na miwili akaimaliza kabla jua halijafika kwenye ngazi za baraza.

Libaya ya kwanza iliposhonwa ikatundikwa ukutani. Kwa mbele Rais aliutazama mtaa kama kawaida. Mmoja wa washonaji akaigeuza ili akate nyuzi, nami nikaona kupitia upenyo. Mgongoni Rais alikuwa amesimama kwa kichwa.

Safari hii hakucheka mtu. Kila mmoja wetu alikuwa amesikia habari za mtu fulani aliyefungiwa samaki wadogo wa ndagala katika gazeti lenye picha hiyo, akalala ndani siku tatu. Fundi aliishusha ile nguo, akaikunja, akaikalia. Mwishowe akaniita nje, na kwa mara ya kwanza akanionyesha nafasi kwenye benchi, karibu yake.

"Mutoto wangu," akasema taratibu, "Mama akifika, tutasema ni wewe njo ulikata. Wewe uko mutoto mwanamuke, unajifunza. Atakupigia makelele, inaisha. Mimi watanifunga."

Ningependa kusema nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye, alipozeeka. Siku ile damu ilinichemka. Mkasi ambao hajaniruhusu hata kuufuta vumbi, leo ulikuwa wangu kwa kuwa umekosea! Nilifungua mdomo nimwambie akajifunge mwenyewe, na nikiwa nimeufungua hivyo hivyo nikaliona jambo ambalo yeye hakuliona. Akisema mbele ya watu kwamba nakata, atakuwa amesema. Hataweza kuyarudisha maneno hayo bila kutaja mkataji wa kweli.

"Sawa, Papa," nikajibu. "Lakini utasema weye mwenyewe, na kinywa yako, mbele ya batu yote."

Alikubali haraka mno. Akaniambia nina moyo mwema. Sikuwa na moyo mwema.

Alhamisi Mama mwenyekiti alifika na wenzake watatu. Aliishika libaya, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Wapita njia walianza kusimama hata kabla hajasema kitu.

"Nani alikata hii?"

"Ni huyu mutoto njo alikata, Mama," fundi akasema, macho chini.

"Tokea lini mutoto mwanamuke anakata hapa?"

Fundi alinitazama nimsaidie. Nami nikamtazama tu. Watu mtaani walikuwa wameshaongezeka.

"Anakataka, Mama," akasema hatimaye. "Ni mukataji wetu. Anakataka muzuri sana. Mara hii tu njo alikosea."

Nilitukanwa siku hiyo kama sijawahi kutukanwa tena. Niliitwa kipofu, niliitwa ng'ombe, nikaulizwa kama mama yangu alinizaa nikiwa kichwa chini ndiyo maana naiona dunia hivyo. Sikupiga magoti na sikulia. Nilingoja avute pumzi.

"Nimesikia, Mama," nikasema. "Nitaikata tena."

"Na kitambaa gani?"

"Mabaki iko. Papa aliichunga kwake."

Fundi alinikata jicho, lakini angefanya nini? Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake kuyaleta, na aliporudi na ule mzigo kwapani, Mama mwenyekiti aliutazama mzigo, akamtazama na yeye, mpaka akaona afadhali ajifanye anatafuta chaki.

"Kata hapa," Mama akaniamuru. "Nikiangalia."

Mkasi ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na tundu lake la kidole gumba lilikuwa limelika kwa kufuata kidole cha fundi. Mwaka mzima nilikuwa nimekata karatasi kwa wembe. Kitambaa, tena cha Rais, tena mbele ya kamati, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kabisa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Vipande vile vilikuwa vyembamba, havikutosha mgongo, lakini vilikuwa virefu. Nikakata kila kimoja katikati, nusu mbili nikazilaza sambamba, vichwa vyote juu, na mshono nikaupitisha kati ya duara na duara ili usiguse uso wowote. Kwapani nikaacha nafasi, kama nilivyotaka siku zote. Nilipofika mgongo wa tatu mkasi ukaanza kunitii. Wa sita nikaanza kuufurahia, hasira na yote.

Kila mgongo sasa ulikuwa na sura mbili badala ya moja. Mama mwenyekiti alivipanga vipande, akavihesabu, na uso wake ukabadilika polepole.

"Bale ba mitaa ingine biko na moja tu mugongoni," akawaambia wenzake. "Siye tuko na mbili."

Jumapili walipita wakitembea kidevu juu, kana kwamba walikuwa wameagiza hivyo tangu mwanzo. Nilisimama kando ya njia nikiitazama ile migongo kumi na miwili ikipita, na nilijivuna bila aibu yoyote. Siku hizi watu huniambia nilibahatika. Hawajui wanachosema. Ningekuwa na bahati, ningefundishwa kukata mapema.

Jumatatu asubuhi sikwenda nyuma ya pazia. Nilikaa kwenye benchi la nje, mbele ya meza.

"Nafasi yako iko ndani," fundi akanikumbusha.

Sikuondoka. Alikuwa bado ananitazama alipokuja Mama mmoja nisiyemjua, kikwembe kipya begani, akauliza, "Mukataji wenu mwanamuke njo nani? Ule wa sura mbili."

Wale watano waliinamia cherehani zao. Mtaa ulikuwa umejaa watu wanaokwenda sokoni. Fundi aliitazama barabara, akanitazama mimi, wala hakuweza kuyakana mbele ya watu aliyoyasema Alhamisi. Nilinyoosha mkono, kiganja wazi, nikauacha hapo mbele yake. Akaufungua ule mfuko wa kiunoni.

Sikumshukuru. Nilimwambia yule Mama ainue mikono, nikaanza kumpima.