Jogoo wa Mama Mwanahamisi

Aibu hii nimeshaizoea kama kovu la goti, kwa hiyo chekeni tu, ila naomba mama mkwe wangu asisikie kwamba bado naisimulia, maana yeye mpaka leo anasema kosa halikuwa lake (na kweli halikuwa lake).

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imejaa sokoni, viwanda vinafungwa, mume wangu amepunguzwa kazini na anashinda barazani akitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu. Sisi wanawake watano tuliokaa juu kidogo ya Kilakala tukaunda kikundi cha mikopo. Hati ya nyumba nani angekuwa nayo, kwa hiyo dhamana ilikuwa sisi wenyewe: mmoja akiteleza, wote wananyimwa mkopo wa pili. Mkopo wa kwanza mimi nilinunua kuku. Anociata, mkimbizi kutoka Burundi na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alinunua vitambaa akawa anashona sare za wanafunzi kwa mkono, na mkopo wa pili ndio ungempatia cherehani. Shule moja ilishamwahidi kazi ya sare zote, mradi awe na cherehani kabla haijafunguliwa.

Basi kideri kikapita. Mnaofuga mnakijua, asubuhi kuku anasinzia, jioni shingo imepinda, na wangu waliisha wote (jirani yangu Mama Mwanahamisi alikuwa amewapa wake dawa, mimi nikasema dawa ya kuku ni kupoteza hela). Ningewaambia wenzangu. Badala yake nikawafukia migombani kimyakimya, nikawa nalipa marejesho kwa kuuza mchicha, nikijisifu moyoni kwamba mimi si mwanamke wa kulialia. Tatizo ni kwamba kabla ya mkopo wa pili Bwana Mikopo, ndivyo tulivyomwita afisa wa shirika lililotukopesha, hupita nyumba kwa nyumba aione biashara ya kila mmoja kwa macho yake.

Siku ya ukaguzi nikaamka na akili, hivyo ndivyo nilivyoiita. Mama Mwanahamisi alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza vitumbua stendi ya Msamvu, harudi mpaka jioni, kwa hiyo sikuiba kitu, nilimwaga tu chenga za mahindi uani kwangu, na kuku wake wakaja wenyewe, wakiongozwa na jogoo mwekundu mwenye kifua kama diwani.

Mchana Bwana Mikopo akafika na wenzangu wote, akamwamkia shikamoo mama mkwe wangu, aliyekuwa ameteremka jana yake tu kutoka Mgeta kuona wajukuu na hajui lolote. Akatazama kuku, akafurahi, akawaambia wenzangu waige mfano wa Mama Sikujua, yaani mimi, na mkopo wa pili usiwatie wasiwasi. Anociata akanibana mkono kwa furaha. Mimi nikakohoa kidogo, kwa unyenyekevu.

Mambo yangeishia hapo, lakini mama mkwe ni mtu wa Mgeta, na kwao mgeni haoni kuku wote wale akaondoka na maji matupu tumboni. Sijafungua mdomo, ameshamkamata yule mwekundu.

"Mama, huyo ni wa mbegu," nikamwambia.

"Mbegu itabaki kwa hawa wadogo, mwanangu. Mgeni yuko leo."

Ningesema nini tena mbele ya watu? Na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki na Bwana Mikopo ni Mwislamu, mama mkwe akafanya inavyopasa, akamkabidhi kisu achinje mwenyewe ili ale kwa amani. Akakunja mikono ya shati, akaelekea kibla, akapiga bismillahi, akachinja. Miguu nilishika mimi.

Sasa jogoo wa kienyeji mnamjua, haivi. Nilichochea kuni mpaka kope zikaungua, na kadiri nilivyotaka mgeni aondoke ndivyo mama mkwe alivyozidi kumsimulia habari za Mgeta. Jua likashuka. Hatimaye ugali ukaandaliwa, mgeni akawekewa firigisi kwa heshima yake, na ndipo nikasikia upande wa pili wa ua kopo la pumba likigongwa, na sauti ya Mama Mwanahamisi ikiita kurukuru, kurukuru. Biashara yangu yote ikainua vichwa. Kisha ikaondoka, wengine wakipita chini ya kiti cha Bwana Mikopo.

Mama mkwe akauliza wanakwenda wapi. Nikamjibu kwamba jioni hupenda kutembea kidogo (Mungu anisamehe).

Kichwa cha Mama Mwanahamisi kikatokeza juu ya ua, akauliza kama tumemwona jogoo wake. Macho yake yakafika kwenye manyoya mekundu, akauliza nani amemchinja.

"Mgeni mwenyewe," akasema mama mkwe, kwa fahari.

Bwana Mikopo akairudisha firigisi kwenye sahani taratibu sana. "Mama Sikujua," akaniambia, "kumbe kideri kiliwamaliza wako. Ungeniambia, tungejua la kufanya. Sasa umenichinjisha kuku wa watu." Akanawa mikono, akaaga. Mama Mwanahamisi akaingia, akabeba sufuria langu na mchuzi wote, na sikuwa na uso wa kumdai sufuria.

Mkopo wa kikundi ukaahirishwa, na zile sare akapewa fundi mwingine. Nilingoja Anociata anitukane, ningepata nafuu. Hakunitukana.

"Mimi nilifika hapa sina hata kijiko," akasema. "Nikasema, mkanipa. Wewe kwa nini hukusema?"

Niliumia kuliko siku nilipowafukia kuku. Muhula ule wote nilikuwa nakwenda kwake kumshonea vifungo, nikijichoma vidole, hadi cherehani ilipopatikana kwa kuchelewa.

Tangu hapo nimeapa, kibanda cha kuku kikiwa kitupu mgeni nampikia mchicha, na namwambia ni mchicha. Ila Anociata hajaniamini bado. Kila nikimwekea sahani, kabla hajanawa, hunitazama na kuuliza, "Na huu ni wa bustani ya nani?"