Hatua Hamsini za Waya

Siku mama yetu alipozikwa Koboko, kaka yangu mkubwa alitazama maziko kwa simu. Yeye ni mlinzi wa ghala Uarabuni, na hakupewa ruhusa ya kuja. Mimi nilikuwa ndani ya kaburi nikimpokea mama, simu ilikuwa kwa jirani. Picha iliganda hapo hapo. Ilipofunguka, watu walikuwa wanarudisha udongo. Kaka hakulalamika. Aliniambia tu kwamba alimwona mama mpaka ukingoni, basi.

Ndiyo maana arobaini ilipokaribia nilimwahidi waya. Ningeweka rauta kwenye dirisha la mbele la nyumba ya mama, mahali pekee katika nyumba ile panaposhika mtandao, kisha ningevuta waya hadi kwenye kibanda nyuma ya nyumba, ambako shehe na wazee wangekaa kusoma dua. Huko nyuma simu hazishiki kitu. Kompyuta yangu kuukuu ina tundu la waya. Kaka angeona kila kitu bila kuganda.

Mimi naishi Dadamu, karibu na Arua, na nilisoma mpaka darasa la saba. Mwanamke mwenye duka la vifaa mjini Arua alinionyesha mara moja jinsi ya kufunga kichwa cha waya. Ndani mna nyuzi nane za rangi, na lazima zipangwe sawasawa ncha zote mbili, la sivyo mtandao haupiti. Nikaandika mpangilio kwenye daftari. Aliponiuliza nataka waya wa urefu gani, nilifumba macho nikahesabu njia kutoka dirishani hadi kibandani. Hatua hamsini. Njia hiyo nimeikimbia tangu utotoni. Akakata, akaongeza kidogo kwa ajili ya makosa.

Nilifika Koboko siku moja kabla ya arobaini, nikakaa barazani na koleo la kubania. Kichwa cha kwanza kilibana nyuzi saba, wa nane ukabaki nje. Cha pili nilikifunga kinyume. Uzi wa kijani na wa buluu katika vidole vyangu vinene zilikuwa kama nywele za mtoto. Nikinyoosha huu, ule unaruka. Cha tatu sijui nilikosea wapi. Niliwasha kipimo cha waya, taa sita zikawaka na mbili zikakataa. Nilitukana, ndani ya nyumba ya msiba, na dada yangu akasikia kutoka jikoni.

"Wewe fundi ya Arua," akasema, "hiyo waya inakusikia?"

Sikucheka. Nilikata ncha, nikaanza upya. Vichwa viwili vya mwisho vikakubali, taa zote nane zikawaka, na nikaanza kuvuta waya kuelekea kibandani kabla bahati haijageuka. Nilikuwa nikirudi nyuma kinyumenyume, nikiunyoosha, macho yakiwa kwenye waya. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unapitisha wapi?"

Nikageuka. Kisigino changu kilikuwa karibu kugusa mawe ya kaburi.

"Mutu hapitishi waya juu ya mama," akasema, kwa sauti ya chini.

Kushoto kulikuwa na mafiga ya kupikia pilau ya kesho, na kulia ndiko watu wangepita kuja kumsalimia mama kaburini. Ilibidi kuzunguka mbali, kando ya michongoma. Nilizungusha, nikavuta mpaka waya ukakaza. Ulikoma hatua tisa kabla ya kibanda. Sikuwa nimenunua kiungio cha kurefushia waya, na Koboko sikukipata.

Dada aliniuliza nilipimaje. Ningeweza kusema duka lilinipunja. Nilimwambia kweli: nilipima kwa kichwa, na kichwani mwangu ua ule haukuwa na kaburi. Mimi niliyempokea kwa mikono yangu. Alikwenda ndani akarudi na kigoda cha mama, akakiweka pale waya ulipoishia. Pale palikuwa upande wa miguu ya kaburi.

Kesho yake niliweka kompyuta juu ya kigoda. Kaka alitokea na sare yake ya kazi, picha ikiwa safi kabisa. Shehe na wazee walikuwa kibandani, nyuma ya skrini, na dua ilimfikia kaka kwa sauti tu. Mbele yake palikuwa na mawe na udongo wa kaburi. Nilikasirika. Siku nzima ya kazi, vichwa vitatu vimeharibika, na shehe haonekani. Nilishika kompyuta niigeuze kuelekea kibandani.

"Usigeuze," kaka akasema. "Acha hapo hapo."

Nikaiacha. Nilikaa chini karibu na waya, nikiulinda dhidi ya mbuzi, mpaka dua ilipokwisha.