Taa ya Kijani ya Papa Espoir

Utaniambia kwamba wafu hutembea usiku. Huyu wangu alikuja saa tatu asubuhi, mvua ikinyesha, watoto wakiwa shuleni, nami sikuwa nimeonja hata chai, sembuse kitu kingine. Nalisema hili mapema ili usinisingizie ulevi. Kuna mtu mwingine aliyesingiziwa ulevi kwa sababu yangu, na ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini. Nilikulia katika nyumba za polisi Naguru, na Kiswahili changu nilikipata huko. Nilisoma mpaka Senior Four, yaani kidato cha nne, na kati ya mafundi wa wakati ule hilo lilitosha kunitia kiburi. Baada ya vita vya themanini na sita, magari ya Japani yalipoanza kumiminika kupitia Mombasa, kila gari lenye waya nyingi lililetwa kwenye gereji yangu Ntinda. Nikawa najigamba kwamba hakuna gari litakalonishinda. Neno "sijui" nililiacha shuleni.

Papa Espoir alikuwa Mkongomani, muuza vitenge, akiishi Makindye na mkewe na binti yao mdogo, Espoir. Kwa desturi yao, baba na mama waliitwa kwa jina la mtoto. Aliimba kwaya na hakugusa pombe. Starehe yake ilikuwa moja tu: gari jeupe la michezo, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba mbwa wa Makindye walimtazama dereva machoni.

Gari lile lilikuwa na kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona. Juu ya kila shokapu, kile chuma chenye mafuta kinachomeza mtikisiko wa gurudumu, palikuwa na mota ndogo, kama kibiriti. Ukibonyeza kitufe kilichokuwa karibu na gia, mota zinageuza ufito ulio ndani ya shokapu, na mafuta yanapita kwenye tundu kubwa au tundu dogo. Tundu kubwa, gari ni laini: mashimo na matuta unayasikia kwa mbali kama ugomvi wa jirani, lakini ukikata kona gari linalala ubavu, na ukifunga breki linainamisha pua. Tundu dogo, gari ni gumu: kila kokoto linakupiga mgongoni, lakini kwenye kona linasimama wima na kufuata usukani kama askari aliyepewa amri. Likiwa gumu, taa ndogo ya kijani inawaka.

Maandishi ya kitufe yalikuwa ya Kijapani, basi Papa Espoir akayabatiza mwenyewe.

"Hii ni ya Mama," alisema, akiweka laini, kwa kuwa mkewe alikuwa na maumivu ya kiuno. "Na hii ni ya Papa."

"Ya Papa inavunja mifupa," Mama Espoir akajibu kutoka kiti cha pembeni. "Fundi, siku moja utaokota kiuno yangu ku barabara."

Tulicheka. Niliwapenda watu wale, niamini.

Siku moja akaja peke yake. "Fundi, nyuma inaruka kama mbuzi."

Nikakandamiza buti kwa mikono miwili na kuliachia. Hicho ndicho kipimo cha fundi: shokapu nzima hushuka, hupanda mara moja, ikatulia. Ile ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena. Zote mbili za nyuma zilikuwa zimemwaga mafuta. Nikatafuta za aina ile soko zima la vipuri, sikupata hata moja.

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia, "Papa, nimeshindwa. Endesha polepole mpaka tuziagize Japani." Maneno machache tu. Je, yalinishinda nini? Si fedha. Niliona aibu kushindwa mbele ya mtu aliyenisifu kwa marafiki zake. Nikafunga shokapu kuukuu za gari dogo la kawaida, ambazo mota hazikuweza kukaa juu yake. Mota nikaziviringisha kwa utepe mweusi na kuzificha chini ya zulia la buti.

Taa ya kijani ikakataa. Ilipepesa tu, kwa sababu kompyuta ya gari ilijua nilichofanya. Gari lilikuwa mkweli kuliko mimi. Nikakata waya wake, nikaupeleka moja kwa moja kwenye kitufe. Sasa ukibonyeza, taa inawaka. Kwamba nyuma ni gumu au si gumu, taa haikuwa na habari tena.

"Imepona?" aliniuliza.

"Imepona, Papa."

Akabonyeza, akazunguka gereji mara mbili, akarudi amefurahi. "Nasikia! Iko ngumu kabisa!" Shokapu za mbele zilikuwa bado zinakaza, hivyo usukani ulimwambia ukweli nusu, na nusu iliyobaki aliipata kwenye taa.

Jumapili ya tatu baada ya hapo alikwenda kuimba katika kanisa moja upande wa Jinja. Kulikuwa na kona yenye kigongo katikati. Walioona walisema aliiingia kama mtu asiye na wasiwasi. Mbele pakafuata usukani. Nyuma pakaruka, pakaruka tena, gari likatoka barabarani na kupiga mti.

Kwenye mazishi nilisikia wakinong'ona. Kona kavu, mchana kweupe, mtu mzima? Alikuwa amekunywa. Mnong'ono ukapita mstari kwa mstari hadi ukamfikia mjane. Akasimama mbele ya kaburi.

"Bwana yangu hakukunywa! Hakukunywa hata siku moja!"

Watu wakatazama chini, kama watu wanaomhurumia mwenye kudanganya. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, kofia mkononi. Nilijua. Nikanyamaza.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi ile ya mvua nilitoka na gari la Nalongo, mwalimu mmoja wa Ntinda tuliyemwita hivyo kwa sababu alizaa mapacha. Nilikuwa nimelibadilishia breki, nikalipeleka kulijaribu kuelekea Naguru. Lilikuwa gari la familia tu. Halikuwa na kitufe chochote cha shokapu, na nakuomba ulikumbuke hilo.

Kando ya barabara alisimama mtu aliyevaa suti, kitenge kikiwa kichwani kwa ajili ya mvua. Nani angempita? Nikasimama, akaingia.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Makindye."

Kipande kile cha barabara kilikuwa kimewekwa lami mpya, laini kama sahani. Gari liliteleza bila kutikisika. Lakini abiria wangu alikuwa akirukaruka. Mabega yake yalipanda na kushuka kama mtu anayepita kwenye mashimo. Tulipofika matuta ya kweli, gari likatikisika, na yeye akatulia tuli. Barabara ikanyooka, naye akaegemea mlango kana kwamba anakata kona. Ulikuwa mwendo wa gari lingine, katika barabara nyingine. Mwendo ule niliujua. Niliufunga kwa mikono yangu.

Nikatazama mbele tu. Shingo ilikataa kugeuka.

"Fundi," akasema, "weka ya Papa."

"Gari hili halina, mzee."

"Weka tu."

Mkono wangu ukashuka karibu na gia, ukakuta kitufe. Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka mahali ambapo dakika moja kabla palikuwa na plastiki tupu.

"Sasa iko ngumu?"

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote. Nilijua aliyekaa pembeni yangu ni nani. Nilijua tulimzika wapi. Na bado mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka mingi, ulijibu, "Iko ngumu, Papa. Imepona."

Nilimdanganya mtu mara ya pili, baada ya mara ya kwanza kumuua.

Kuruka kwake kukazidi. Nikafunga breki, gari likasimama kando kabisa, injini ikazima yenyewe. Yeye hakusimama. Alipanda na kushuka, alipanda na kushuka, kitenge kikaanguka begani, na sauti yake ikatoka vipandevipande.

"Fundi. Sitaki bongo." Bongo kwa Kiswahili chao ni uongo. "Iko ngumu?"

Mpaka leo sijui aliuliza lipi. Aliuliza kama shokapu ni ngumu, au kama ni vigumu kwangu kusema? Nililia. Nikasema, "Si ngumu, Papa. Nyuma haifanyi kazi. Nilishindwa, nikawasha taa tu."

Akatulia papo hapo. Alipanda mara moja, akashuka, akakaa, kama shokapu nzima.

"Basi," akasema taratibu. "Umuambie Mama Espoir vile umeniambia miye."

Nilipoweza kugeuza shingo, kiti kilikuwa kitupu. Sikusikia mlango ukifunguliwa. Kitufe hakikuwapo.

Nilimrudishia Nalongo gari lake. Baada ya siku nne akaja mikono kiunoni.

"Ssebo, bwana fundi, nilikuletea breki. Hii taa ya kijani ni zawadi?"

Ilikuwa inawaka karibu na gia. Nilifungua kila kitu, nikafuata kila waya, na taa ile haikuwa na waya wowote. Nalongo akachoka kusubiri, akabandika plasta juu yake. Akaliendesha hivyo hadi alipoliuza.

Ungedhani siku ileile nilikimbilia Makindye. Sikukimbia. Mara tatu nilifika kwenye lango la mjane, na mara tatu nikapita kama mtu anayetafuta nyumba nyingine. Mara ya mwisho Espoir alikuwa nje akiruka kamba. Akanipungia mkono: "Shikamoo, fundi!" Nikamwitikia, nikaenda zangu. Nilijiambia nitakwenda baada ya Pasaka. Kisha baada ya mvua.

Nilipopata moyo wa kubisha, aliyefungua alikuwa mwanamke nisiyemjua, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mama Espoir? Alihama na mtoto. Kanisani walimchosha. Kila akikaa kwenye benchi, wanaongea habari ya pombe."

"Alikwenda wapi?"

"Wengine wanasema Goma, wengine wanasema ng'ambo. Wewe ni ndugu?"

Nikasema hapana. Angalau hapo sikudanganya.

Nikafunga gereji mwaka uleule. Sasa mimi ni mzee, na hadi leo siwezi kukaa kiti cha pembeni katika gari lolote. Kuna siku nimekaa kwenye kigoda uani kwangu, na mabega yanaanza kupanda na kushuka yenyewe. Mke wangu anadhani ni baridi yabisi. Yakianza, nasema kwa sauti, "Nyuma haifanyi kazi, nilishindwa, nikawasha taa tu," na yanatulia. Lakini nauambia ukuta, si yule niliyetumwa kwake.

Basi wewe unayesoma, ikiwa unamjua mama wa Kikongomani aliyeishi Makindye, mwenye maumivu ya kiuno na binti anayeitwa Espoir, mfikishie: mumewe hakukunywa. Fundi alijua tangu siku ya kaburi.

Na gari lako likitoka gereji, usiiamini taa. Nenda nyuma, kandamiza buti kwa mikono miwili, liachie, kisha uhesabu. Likipanda zaidi ya mara moja, mrudishie fundi na umtazame machoni. Papa Espoir hakukandamiza. Aliniamini mimi.