Kipete Kilichoganda Chini ya Gari

Baba alikubali kwenda kwa daktari wa macho mara moja tu, tena kwa masharti. Twende Msambweni kwa gari lake mwenyewe, lile alilolinunua alipoacha kazi ya kuendesha watalii wa hoteli za Diani. Asipakiwe kwenye tuktuk, wala asishikwe mkono barabarani watu wakimtazama. Daktari huyo huja kwa nadra, majina husomwa saa nne asubuhi, na asiyeitika huambiwa angoje mpaka aje tena. Nilimjua baba yangu. Akipata kisingizio kimoja tu asubuhi ile, angevua kanzu, arudi kitandani, na habari ya macho isingetajwa tena nyumbani mwetu.

Kisingizio chenyewe nilikaribia kumtengenezea mimi.

Jana yake, nikitoka kazini hotelini ninakofua mashuka, taa ya oili iliwaka mara mbili kabla sijafika Mwabungo. Nilipopima oili, kijiti cha kupimia kilikuwa kimelowa nchani tu. Mafuta yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye sampu, lile karai la chuma lililo chini ya injini, na matone yalikuwa yamefanya doa jeusi uani. Mtu mwenye akili zake angeongeza lita moja, aende hospitali, arudi, kisha ndipo aanze ufundi. Mimi sikuumbwa hivyo. Kitu kikivuja mbele yangu naona kama natukanwa. Oili mpya ilikuwamo ndani ya nyumba, kipete kipya cha shaba kilikuwamo kwenye kopo la baba, na siku ile ya hospitali sikuwa na zamu. Nikajiambia ni kazi ya nusu saa.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimepandisha magurudumu ya mbele juu ya mawe mapana, nimeyazuia ya nyuma kwa magogo, nimeiacha injini ipate moto kidogo ili oili iwe nyepesi, nimelala chali chini ya injini na leso kuukuu kichwani. Baba alikuwa barazani, amekwisha kuvaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne.

"Umesema Bismillahi?" akauliza.

"Nimesema, baba."

Bolti inayoziba tundu la sampu ililegea bila matata. Mafuta yakamwagika, meusi na ya moto, ndani ya mtungi niliokuwa nimeukata ubavu. Nikaifuta bolti, nikaitazama. Ilikuwa tupu. Kipete cha shaba hukaa shingoni mwa bolti, kikabanwa kati yake na sampu ili mafuta yasipenye, kwa hiyo kilitakiwa kitoke nayo.

"Baba, kipete hakipo."

"Kimeanguka kwenye mafuta. Huanguka humo kila mara. Weka kipya."

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote. Kwetu oili chafu haimwagwi. Hupakwa kwenye nguzo za ua na za banda ili mchwa wasizile, na masimbi mazito yanayobaki chini hutupwa pamoja na mtungi. Hakuna aliyewahi kutafuta kipete humo. Lakini nilipotia kipya na kuikaza bolti kwa vidole, ilikaa upande, haikutulia. Nikaichomoa. Nikaingiza mkono kwenye mafuta nikapapasa, nikaungua, sikupata kitu. Ndipo nikawasha tochi ya simu na kuliangalia tundu kwa karibu. Kulikuwa na ukingo wa mviringo ukilizunguka, laini, wa rangi ileile ya sampu. Nikaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Shaba ikatokea.

Kipete cha zamani hakikuwa kimeanguka. Kilikuwa kimeganda pale pale.

Nilichukua bisibisi, nikaichomeka ukingoni, nikagonga. Ikateleza na kuchora mstari mweupe kwenye sampu, nusu inchi kutoka tundu. Sampu ile ni ya chuma laini. Mchoro kama ule ukipita mahali kipete kinapokaa, itavuja milele, na gari lisilo na tone la mafuta haliendi hata Kinondo, sembuse Msambweni. Nilimpigia simu fundi wa Ukunda ninayemjua. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikamtukana yeye, nikamtukana na aliyekibandika kipete kile, nikasema kwa sauti kwamba mtu asiyeona anachokifanya asishike spana ya watu.

Kutoka barazani baba akasema, "Kama gari limekataa, basi. Tutakwenda siku nyingine."

"Halijakataa. Kaa hapo hapo, baba."

"Sasa saa ngapi?"

"Mapema bado," nikasema. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano, na ilitupasa tuondoke kabla ya saa tatu na nusu.

Nikaenda jikoni nikachukua kisu cha samaki, kile chenye ubapa mwembamba, na mchi wa kinu kwa sababu mti haupigi kwa ukali kama nyundo. Nikairudisha bolti mizunguko mitatu, ili kisu kikiteleza kisiharibu nyuzi za ndani ya tundu zinazoishika bolti. Nikaweka ncha kwenye ule mstari mwembamba kati ya shaba na sampu, nikagonga kidogo, nikasogea, nikagonga, nikazunguka. Jasho liliniingia machoni. Vidole vilikuwa vinateleza, na kila nikigonga nilikuwa nasubiri kusikia kisu kikizama mahali pasipotakiwa. Nilipoumaliza mzunguko wa pili, kipete kilibanduka; nikaichomoa bolti, kikatoka nayo. Nikakiweka kwenye kifuniko cha sufuria kilichokuwa kando yangu, nikacheka peke yangu.

Nikafuta mahali pake. Shaba ikatokea tena.

Nilibaki nimelala nikiutazama ukingo ule wa pili. Nikairudisha bolti, nikagonga upya, polepole zaidi, nikakitoa, nikakitupia kifunikoni. Chini yake palikuwa na cha tatu, kimelika na kubonyea upande mmoja; hicho ndicho kilichonichukulia robo saa nzima na kunikata kidole gumba. Nilipokibandua na kukitupia kwa wenzake, sampu ilionekana yenyewe, safi, na ule mchoro wa bisibisi haukuwa umeifikia.

Ilinipasa nifurahi. Badala yake nilianza kuhesabu. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuifungua bolti ile. Baba hakumruhusu mtu. Mara tatu alikuwa ameingia chini ya gari lake, akapitisha kidole kwenye tundu, akaona ulaini akadhani ni sampu, akaweka kipete kingine juu. Huyo ndiye dereva ambaye zamani alikuwa akiliona vumbi la jana kwenye kioo cha gari. Na miezi yote hiyo alikuwa akiwapeleka wanangu wawili shuleni Ukunda kila asubuhi, mpaka alipougonga ukuta wa ua wetu, miezi mitatu nyuma, nikamwomba funguo.

Nilikuwa nimeona mapema kuliko hapo. Nilimwona akipapasa kitasa cha mlango. Nilimwona akimimina chai kando ya kikombe, kisha akaifuta haraka kwa kiganja. Sikusema, kwa sababu zamu yangu huanza alfajiri na sikuwa na mtu mwingine wa kuwapeleka watoto. Aibu ile niliisikia nikiwa chini ya gari, na bado ninayo.

Nikatia kipete kipya, nikakaza, nikatoka, nikamimina oili. Vile vitatu nilivitia kwenye mfuko wa gauni. Niliogopa akivishika atajifungia chumbani kwa fedheha, na safari ife. Nikawasha injini, nikainama. Pakavu. Nikaondoa magogo, nikalishusha gari kwenye mawe.

"Tayari, baba. Kilikuwa kimeganda kipete."

Akanyoosha kiganja. "Kilete."

Nikampa kimoja. Akakisugua kwa kidole gumba, akakigeuza.

"Na vingine?"

"Ni hicho tu."

"Nimesikia vikilia kwenye kifuniko," akasema. "Mara tatu."

Nikavitoa, nikavitia kiganjani mwake. Alivipanga kimoja juu ya kingine kwa uangalifu, kama vilivyokuwa, akavitia mfukoni mwa kanzu. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Kisha akainuka, akaufuata ukuta kwa mkono mpaka kwenye gari, akaufungua mlango wa abiria na kuingia. Nikashika usukani na mikono yangu vilevile, ina mafuta.

Tulifika jina lake likisomwa, na niliitika mimi nikiwa bado mlangoni. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye adabu, alimwamkia baba, akafungua kadi mpya, akauliza, "Macho yalianza kukusumbua lini, mzee?"

"Muulize binti yangu," baba akasema.

Jibu la nyumbani lilikuwa miezi mitatu, tangu ukuta. Ndilo tulilowapa jirani na shangazi, na ndilo nililokuwa nimelipanga mdomoni.

"Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana," nikasema.

Muuguzi akaandika. Baba akanigeuzia uso, akawa anatazama mahali karibu na sikio langu.

"Na watoto ukanipa," akasema.

"Nilikupa, baba."

Muuguzi akaniomba nirudie, kabla ya Ramadhani ipi, ili aandike sawasawa.