Firigisi ya Mzee Malimi

Redempta alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, na katika umri wake wote hakuna mtu aliyewahi kuondoka nyumbani kwake Chanji akiwa na njaa. Hata miaka ile ya foleni, sabuni ilipoadimika na sukari ikagawiwa kama dawa, mgeni wake alikula. Alilima ulezi na maharage, akasomesha, akazika mume, akaendelea kupika. Ndiyo maana Jumamosi ile, akiwa amekalia kiti cha plastiki ndani ya Hoteli Paradiso hapo mjini Sumbawanga, mbele ya paja moja la kuku na chipsi zilizokwisha kupoa, alitamani kulia kwa hasira.

Wazo la kuja hapo lilikuwa la Beda, mwanawe wa pekee. Beda alikuwa karani wa kupima mahindi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye malori, na tangu enzi za ruksa zianze na biashara kufunguliwa, alikuwa amejifunza mambo mawili: kuvaa miwani ya jua hata siku ya mawingu, na kuona kwao ni pa kizamani.

"Mama, mzee wa watu tumkalishe kwenye vigoda, na moshi ule?" alisema. "Siku hizi wageni wanapelekwa hotelini."

Redempta alibisha siku mbili. Siku ya tatu akachoka, akakubali, na tangu hapo hakuwa na raha.

Mzee wa watu mwenyewe ni Malimi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Ilemba, kule bondeni, na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Beda alimtaka binti yake, Kabula. Mshenga alikwisha kwenda mara mbili na kupokelewa vizuri. Lililobaki ni baba wa binti kuja kwa watu wa kijana, ale chakula chao, ndipo aseme ndiyo au hapana. Na kuku wa siku kama hiyo haletwi kipande. Huletwa mzima ndani ya bakuli moja, firigisi ikiwa juu, na firigisi ni ya mgeni. Redempta Mfipa alilijua hilo na Malimi Msukuma alilijua. Kwa jambo hilo hawakuhitaji mkalimani.

Sasa mzee wa watu, aliyepanda kutoka bondeni juu ya lori tangu alfajiri, alikuwa ameshika uma kama mtu aliyepewa chombo cha fundi mwingine. Maji ya kunawa hayakuletwa. Ugali ulikuwa umekwisha, waliambiwa, saa saba mchana, katika mji unaolisha mahindi mikoa mingine. Na sahani moja ya upuuzi huo iliuzwa kwa bei ya majogoo wawili wa sokoni, wazima na wanaowika.

Malimi aligeuza paja. Akasogeza chipsi upande mmoja, kisha upande wa pili. Akainua jani la kabichi, akachungulia chini yake. Redempta alijua anatafuta nini. Akamwita mhudumu, kijana aliyeitwa Shamsi.

"Mwanangu, firigisi iko wapi?"

"Firigisi ni oda yake, mama. Inauzwa kwa sahani."

Shamsi alielekeza kidevu kwenye meza ya jirani. Hapo kijana mmoja mwenye mkufu shingoni alikuwa akinywa bia na kuchoma firigisi moja moja kwa kijiti cha meno, huku akicheka na mwenzake. Malimi aligeuka, akatazama, midomo ikicheza taratibu. Alikuwa akihesabu.

"Kumi na mbili," alisema. "Wazee kumi na wawili wamenyimwa haki yao."

Redempta alisikia uso ukimwaka. Akafungua fundo la khanga, akatoa fedha yake ya mwisho, akaagiza sahani hiyo ya firigisi. Ililetwa ikielea mafuta. Akaisukuma mbele ya mgeni kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofundishwa.

Malimi aliirudisha taratibu. "Hapana, Mama Beda. Hii umenunua. Firigisi mtu anapewa."

Akajifuta vidole kwa karatasi laini ya mezani, akauliza kwa sauti ya upole, "Nani alichagua tule hapa?"



"Ninauliza kwa sababu nina binti," aliendelea mzee. "Kijana anayeficha jiko la mama yake, kesho atamficha mke wangu tukija kuwatembelea, na keshokutwa atamficha Kabula mwenyewe. Mtu wa namna hiyo mimi simpi mtoto."

Redempta alimtazama Beda. Alisubiri. Neno lilikuwa dogo tu, *ni mimi, mzee, nisamehe*, na yeyote aliyelelewa kwenye moshi ule angeweza kulisema. Beda alikuwa amevaa miwani yake, akitazama chumvi.

"Ni mimi," alisema Redempta. "Niliona aibu, mzee. Nyumba yangu ni ya udongo, ina moshi. Kijana alikataa, mimi ndiye niliyemlazimisha."

Malimi alimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko matusi. Maishani mwake hakuwahi kuionea haya nyumba ile hata siku moja.

"Usione aibu, mama," alisema mzee akiinuka na fimbo yake. "Moshi hauui. Jumamosi ijayo nitakula kwako, na jibu nitalitolea hukohuko."

Beda alimsindikiza hadi mlangoni, akampa shikamoo ya pili isiyo na kazi, akarudi mezani akitabasamu. Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyetua gunia.

"Mama, umetuokoa," alisema.

Redempta alingoja tena, labda sasa, wakiwa wawili tu, atasema lile neno.

Beda alivuta ile sahani ya firigisi karibu yake. "Zisipotee bure," alisema, "zimeshalipiwa." Akachukua kijiti cha meno, akaanza kula, na mama yake akakaa akimwangalia mpaka sahani ikaisha.